Ukitaka muziki wa majaribio, fuata majina

Mitandao ya kusikilizia muziki imeundwa ikuletee kinachofanana na ulichosikiliza jana. Kwa taarabu au bongo fleva sioni ubaya. Kwa muziki wa majaribio inakwama, kwa sababu kazi nyingi za aina hii hazifanani na chochote, na baadhi hazina hata mdundo. Mimi ni fundi sauti. Kazini nalipwa kuondoa kelele kwenye rekodi za watu, nikirudi nyumbani nazisikiliza kelele zenyewe. Vijana wa studio huniuliza vitu hivi navitoa wapi. Nasoma majina tu: nani karekodi, lebo ipi imetoa, mwaka gani, kwa mtambo gani.

Chukua Nairobi. Mwaka 2020 KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu na somo wa yule mwimbaji mashuhuri wa Kigikuyu, alitoa albamu ya Peel. Humo hakuna ngoma wala mwimbaji. Kuna sauti za mazingira zilizovutwa na kurundikwa polepole mpaka hujui tena kilichorekodiwa kilikuwa nini. Lebo ni Editions Mego ya Vienna, aliyoiendesha Peter Rehberg hadi alipofariki 2021. Pekua orodha ya lebo hiyo, utakuta mfululizo uitwao Recollection GRM, unaotoa upya kazi za GRM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris alichokianzisha Pierre Schaeffer mwaka 1958.

Hapa pana utamu, tukae kidogo. Schaeffer alikuwa mhandisi wa redio. Mwaka 1948 alirekodi treni kwenye stesheni ya Batignolles, akazikata sauti zile na kuzipanga upya, na Oktoba mwaka huo redio ya Ufaransa ikazirusha hewani. Kanda za sumaku hakuwa nazo bado, alitumia santuri. Mfereji wa santuri akaufunga uwe duara, sindano ikawa inarudia kipande kilekile bila kukoma. Ukirudia mlio wa treni mara nyingi hivyo, sikio linaisahau treni na kuanza kusikia mapigo.

Mtu wa Dar hahitaji kufafanuliwa hilo. Singeli ilikua kwa kuchukua kipande cha ala za taarabu, kukizungusha, kukikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, kisha MC akapanda juu yake kwenye vigodoro. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, wasikilizaji wa Ulaya wanaofuatilia majaribio waliupokea kama kitu cha mbele kabisa. Uswahilini ulikuwa muziki wa shughuli, watu wanacheza. Sidhani kama kuna anayekosea kati yao.

Ila msiishie Paris. Miaka minne kabla ya treni za Schaeffer, mwaka 1944, kijana wa Cairo aitwaye Halim El-Dabh aliazima mtambo wa redio uliokuwa ukirekodi kwenye waya wa chuma, akaupeleka kwenye ngoma ya zar, ile ya kutuliza pepo, ambayo mtu wa pwani akiisikia ataikumbuka ngoma yetu ya pepo. Aliporudi studio aliipitisha sauti ile kwenye chumba cha mwangwi, akaondoa sehemu za chini na kuacha vile vilio vya juu vinavyoelea. Waimbaji unawasikia, lakini kama wako nyuma ya ukuta. Kilichobaki cha kazi ile na kusambazwa ni kama dakika mbili. Baadaye alihamia Marekani, akafanya kazi kwenye studio ya muziki wa elektroniki ya Columbia-Princeton, na alifariki 2017. Vitabu vingi bado vinaanza hadithi na treni, jambo linaloniudhi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tafuta kipande hicho kwa jina lake: Wire Recorder Piece. Tumia hedifoni, kwani spika ya simu itakula robo tatu ya kilichomo. Kisha nenda UbuWeb, hifadhi ambayo mshairi Kenneth Goldsmith wa New York aliianzisha 1996, yenye sauti, filamu na maandishi ya wasanii wa aina hii. Kule hakuna wa kukupendekezea kitu. Ni orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti. Chagua moja, sikiliza, angalia alifanya kazi na nani, kisha mtafute na huyo.