Fleti za zamani za Ngara: yanayosemwa mtaani na yaliyomo ukutani

Ukipita Ngara ushuke hadi River Road, inua macho juu ya vibao vya maduka. Mara nyingi utaona mwaka umechongwa kwenye paji la jengo, chini yake roshani yenye kona za mviringo. Duka liko chini, makao juu, na nyuma kuna ua mdogo wenye mfereji mmoja wa kuchangia. Nyingi zilijengwa na Wahindi enzi za ukoloni, wakati Nairobi ilipogawanywa kwa rangi za watu. Mwenye kutaka kukarabati moja hapungukiwi na washauri. Kila anayepita ana neno.

Neno la kwanza huwa hili: "Huo mjengo ni mzee, utawaangukia."

Jumba la mtaa wa Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 45 lilikuwa na miaka michache tu, tena lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe. Umri peke yake hauangushi nyumba. Kuta nene za mawe ya kuchonga hubeba mzigo zenyewe, hazingoji nguzo za zege, na hapo ndipo hatari ilipo: huwezi kuutoa ukuta wa kati ili duka lipanuke ukadhani umeondoa pazia. Vilevile, tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Ukiliweka juu ya boriti za mbao ambazo ncha zake zimeliwa na mchwa mle ukutani, usiulaumu mwaka uliochongwa pale mbele. Mwite mhandisi kabla ya mkandarasi.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa wenye vumbi na rangi ya zamani ndani yake huenda ulitulia kitambo. Ukitaka hakika, bandika kiraka chembamba cha jasi juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli, uache. Kikipasuka, ukuta bado unatembea.

Neno la pili limeharibu majengo mengi kuliko mvua yenyewe: "Ukuta ukitoa maji, piga plasta ya simiti, uzuie kabisa."

Kwangua kiungo cha mawe kwa msumari. Kikimomonyoka kirahisi, cheupe na laini, huenda ni udongo wa chokaa, kama ilivyokuwa desturi katika majengo mengi ya kale. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua linapowaka. Ukiuvika simiti nzito na rangi ya mafuta juu yake, maji yanayopanda kutoka chini au kupenya kwenye nyufa hayana tena pa kutokea. Yanabaki ndani ya jiwe. Baada ya misimu kadhaa utaona rangi imefura malengelenge, unga mweupe wa chumvi umejaa karibu na sakafu, na ukigonga kwa kifundo cha kidole plasta inalia utupu. Fundi ataitwa aibandue na kupiga simiti nyingine, nzito zaidi, naye atalipwa mara ya pili kwa kosa lilelile.

Dawa inaanzia nje. Tazama mfereji wa paa uliotoboka, bomba la maji machafu linalovuja ukutani, na ua uliomwagiwa zege mara nyingi hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ukishaziba chanzo, bandua simiti, acha ukuta ukauke kwa miezi, si kwa siku, kisha piga plasta ya chokaa na mchanga. Chokaa ya mfuko ipo madukani. Adimu ni fundi mwenye subira nayo, maana haigandi kwa haraka ya Ijumaa ya malipo.

Wengine watakutisha kwamba nyumba ya zamani ni mali ya Makavazi, yaani shirika la makumbusho la serikali, huruhusiwi kugusa hata msumari. Sivyo. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, jengo hulindwa likishatangazwa na waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali. Uzee tu hauliingizi humo. Hata hivyo, liwe limetangazwa au la, kubadilisha muundo wake kunahitaji idhini ya kaunti.

Kuhusu wapangaji, "notisi ya mwezi mmoja yatosha" ni njia ya kujikuta mbele ya baraza la kodi za pango la biashara. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, kwa kawaida analindwa na sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301: notisi lazima iwe ya maandishi, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita. Ukarabati mkubwa ni sababu inayokubalika, lakini akipinga itabidi uithibitishe.

Paa la asbesto nalo husemwa halina neno kwa kuwa limekaa miaka yote hiyo. Likiwa zima, ni kweli halitoi vumbi jingi; tatizo ni nyundo. Kenya iliyapiga marufuku mapaa hayo mwaka 2006, na kuyaondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira: vipande hulowanishwa, hushushwa vikiwa vizima na kufungwa. Kijana wa mtaani mwenye kitambaa puani hafai kupandishwa huko.

Je, ni rahisi kubomoa na kujenga upya? Wakati mwingine, ndiyo, hasa ploti inaporuhusiwa ghorofa nyingi. Lakini anayelinganisha gharama asisahau kwamba msingi, kuta na sakafu ya terazo tayari anavyo. Pesa zitaliwa na visivyoonekana: mabomba ya chuma yaliyozibwa na kutu kwa ndani, na nyaya za stima zilizozeeka hadi ganda linakatika ukizikunja. Anza na paa, ulifungue Januari au Julai, masika na vuli zikiwa mbali. Fuata mitaro, kisha mabomba na nyaya. Rangi ije mwisho kabisa, hata kama mpangaji wa juu anaiulizia kila asubuhi.