Hukumu ya 1971 haikuhalalisha kuchapa kila siri

Wengi huamini kwamba mwaka 1971 mahakama ya juu ya Marekani iliwaruhusu wahariri kuchapa siri yoyote ya serikali. Kesi hiyo, New York Times v. United States, ilihusu utafiti wa siri kuhusu vita vya Vietnam, kurasa 7,000 hivi katika majuzuu 47, uliovujishwa kwa magazeti.

Kilichoamuliwa ni kidogo kuliko hicho. Kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji walisema serikali haikuubeba mzigo mzito wa kuthibitisha kwa nini gazeti lizuiwe kabla ya kuchapa. Kumshtaki mhariri baada ya kuchapa ni suala jingine, na baadhi ya majaji waliokuwa upande wa magazeti waliuacha mlango huo wazi. Hapo ndipo wengi huteleza, na ni kosa linaloweza kumgharimu mhariri kifungo.

Wala gazeti la kwanza kuchapa, New York Times, halikuyamwaga makabrasha hayo kwa usiku mmoja. Lilikaa nayo takriban miezi 3 likiyachambua.

Ukitaka kuhakikisha, soma hukumu yenyewe ya tarehe 30 Juni 1971, inapatikana bure mtandaoni. Uamuzi wa pamoja ni aya chache tu, kisha yanafuata maoni ya kila jaji, wote 9. Angalia hasa wanachosema kuhusu mashtaka ya jinai.