Diski Mbili Si Nakala Mbili: Yanayosemwa Kuhusu Seva ya Nakala Rudufu, na Ukweli Wake

Jumatatu moja asubuhi niliitwa ofisi fulani ya Mwanga, hapa Kigoma. Ni kampuni inayonunua dagaa na migebuka kwenye mialo ya ziwa na kuipeleka mikoa mingine. Karani alikuwa amesafisha kompyuta, akafuta folda aliyodhani ni ya zamani, kumbe ndimo yalimokuwa madeni ya wateja wote. Mama mwenye kampuni alinipokea kwa utulivu kabisa.

"Fundi, usihangaike sana. Waliotufungia seva walisema ina diski mbili. Toa kwenye ile ya pili."

"Mama," nikamwambia, "ile ya pili nayo imefuta."

Sehemu ya madeni tuliipata kwenye daftari la mkono, nyingine kwa wateja waungwana waliokubali kusema wanadaiwa nini. Yaliyobaki hayakurudi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno yanayosemwa maofisini kuhusu nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data, maana mengi yanasemwa na watu makini, wachapakazi, na bado yanaweza kuwafilisi.

"Seva ina diski mbili, kwa hiyo nakala tunayo"

Mpangilio huo unaitwa RAID 1. Wazo la RAID liliandikwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1980: diski kadhaa za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja, na mojawapo ikifa kazi isisimame. Kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa kwenye ya pili papo hapo. Kufuta nako ni kuandika. Karani akifuta, diski zote mbili zinatii. Virusi vikiharibu faili, linaharibika pande zote mbili. RAID inakukinga dhidi ya kifo cha diski tu. Haikukingi dhidi ya mkono wa mtu, mwizi, moto wala radi.

Hata kwenye kazi hiyo yake ina mipaka. Kwenye mipangilio ya diski nyingi zaidi, RAID 5 huvumilia diski moja kufa, RAID 6 huvumilia mbili. Ukibadilisha diski ya terabaiti 8 iliyokufa, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde kuijaza mpya kunachukua karibu saa 15, tena kama seva haina kazi nyingine. Saa zote hizo RAID 5 inatembea bila kinga. Kwa seva ya nakala mimi huchagua RAID 6, au mwenzake RAID-Z2 wa ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao hukagua kila kipande kinaposomwa na kugundua data iliyoharibika kimyakimya.

"Nakala ipo, imechomekwa kwenye seva muda wote"

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya iliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya meli za mizigo ya Denmark ambayo makontena yake anayajua kila aliyepita bandari ya Dar es Salaam. Walikuwa na seva takribani 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila moja ikinakili kutoka kwa wenzake. Waliamini kwamba moja ikifa, nyingine zitasimama. Zikafutwa zote kwa mkupuo, kwa kuwa zote zilikuwa hewani na zikizungumza.

Zote isipokuwa moja. Ilikuwa Accra, Ghana, ambako umeme ulikatika kabla ya shambulio, ikawa nje ya mtandao. Waokoaji waliokuwa Uingereza walipojaribu kuivuta data yake, intaneti ya ofisi ya Ghana ikawa nyembamba mno. Ingechukua siku kadhaa. Basi mfanyakazi mmoja akaibeba diski kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaipeleka London. Kampuni kubwa namna ile ilisimama tena kwa sababu ya umeme uliokatika na diski iliyobebwa mkononi.

Sisi wa Kigoma, tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, tunaijua giza ya ghafla. Ila kuokolewa na bahati si mpango. Kile ambacho Accra ilikipata kwa bahati, wewe kifanye kwa ratiba: nakala moja iwe imechomolewa, haina waya wa mtandao wala wa umeme, hadi siku yake ya kusasishwa.

Nakala inayobaki hewani nayo iwekewe ukuta. Virusi vya kudai fidia, vile vinavyofunga mafaili yako hadi ulipe, havina tofauti na mfanyakazi wako: kila folda anayoweza kuifungua na kuiandika, navyo vinaweza. Ile tabia ya kuiweka seva ya nakala kama folda ya pamoja inayoonekana kwenye Windows kama diski Z ni kumwonyesha mwizi mlango. Seva ya nakala isitumie akaunti zilezile za ofisi. Iwe na nywila yake, ijulikane na watu wawili tu. Programu kama Proxmox Backup Server, ambayo hutumika bure, inakuruhusu kuipa seva ya kazi akaunti inayoweza kuleta nakala mpya na kusoma zake bila ruhusa ya kufuta za zamani. Hapo hata mvamizi akiitwaa seva ya kazi yote, nakala za wiki iliyopita hawezi kuzifuta.

"Sisi tumeshaweka kila kitu mtandaoni"

Mara nyingi anayesema hivi ana programu ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta na hifadhi ya mtandaoni. Kusawazisha ni ndugu wa ile diski ya pili: ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Baadhi ya huduma huweka matoleo ya zamani kwa siku chache, kisha nayo yanaondoka. Uliza ni siku ngapi kabla hujalala usingizi.

Halafu kuna njia yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopunguziwa intaneti kwa kiasi kikubwa. Ofisi ambayo nakala yake pekee ilikuwa ng'ambo ililazimika kusubiri.

Fanya hesabu hata kwa siku ya kawaida. Data ya terabaiti 2, kwenye laini inayopokea megabiti 10 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya siku 18 mfululizo kurudi ofisini. Diski ileile ikipanda basi kutoka Kasulu, jioni uko nayo Kigoma mjini. Ndiyo sababu wateja wangu nawaambia nakala ya mbali ikae Kasulu, kwa mtu wa kuaminika, juu milimani, mbali na ziwa ambalo maji yake tumeyaona yakipanda na kuingia majengo ya ufukweni. Diski mbili zinapishana: moja inakwenda, nyingine inarudi. Mtandaoni tunapeleka vile vidogo visivyovumilia hata siku moja: hifadhidata ya hesabu na mishahara.

Mafundi wana kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu ukihesabu na ile ya kazi, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja ikae nje ya jengo. Nasisitiza nje ya jengo. Wengi wana nakala chumba cha pili, chini ya paa lilelile.

"Hesabu zetu si ziko TRA kwenye mashine ya EFD?"

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, hupeleka taarifa za risiti kwa TRA, mamlaka ya mapato. Haijui una gunia ngapi ghalani, nani anakudai, wala mkataba wako na mwenye lori unasemaje. Na sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka wewe utunze kumbukumbu zako kwa miaka mitano.

"UPS ipo, umeme ukikatika hatuna shida"

UPS ya kawaida, ile betri inayoshika seva umeme ukikatika, inakupa dakika chache. Umeme ukikatika saa saba usiku, dakika zinaisha, na seva inazimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika, tena mara nyingi katikati ya nakala, kwa sababu nakala hupangwa usiku. Waya wa mawasiliano wa UPS, ule unaoachwa ndani ya boksi, uchomekwe kwenye seva, na programu kama NUT iwekwe iizime seva taratibu betri ikipungua. Ni kazi ya nusu saa. Betri nazo huchakaa. Jaribu kwa kuchomoa ukutani, ukiwa umesimama pale.

Radi ni suala lingine. Msimu wa mvua mkoani kwetu radi hazina huruma, na wengi hulinda waya wa umeme wakasahau kwamba intaneti yao inaingia kwa antena iliyo juu ya bati na waya unaoshuka hadi kwenye swichi ya mtandao, na swichi hiyo ndiyo iliyoshika seva. Weka kikinga radi kwenye waya huo, na waya wa athi, unaopeleka umeme ardhini, uliopimwa na fundi umeme. Nimeona seva ya kazi na seva ya nakala zikiungua pamoja kwa sababu zilikuwa kwenye swichi moja.

"Programu imeandika kuwa nakala imefaulu"

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kunakili. Hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kwa muda kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua pepe za kuonya hazikufika. Walichorudi nacho ni picha ya mfumo, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo, ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine.

Kosa ninalolikuta zaidi hapa kwetu ni kunakili mafaili ya hifadhidata ikiwa inafanya kazi. Programu inasema imefaulu, na kweli mafaili yamefika, ila nusu yana hali ya saa nane na nusu ya saa nane na dakika tano, hayafunguki. Kwa hifadhidata ya MySQL tumia programu yake ya mysqldump yenye chaguo la single-transaction, kisha nakili kilichotoka.

Na rejesha. Kila mwezi chukua kompyuta ya pembeni, rudisha data yote, mwite mhasibu mwenyewe afungue na atafute ankara anayoikumbuka. Pima muda. Ukijua kurejesha kunachukua saa tano, utamjibu bosi kwa uhakika siku ya msiba. Na kabla hata ya kununua mashine, muulize: ukipoteza kazi ya siku moja utavumilia? Ya wiki? Jibu lake ndilo linalopanga nakala ichukuliwe mara ngapi.

"Hayo ni ya benki na matajiri"

Kompyuta ya zamani yenye afya, diski mpya, na programu ya bure vinatosha kuanza. Usibane fedha kwenye diski.

"Diski ikiibiwa, mwizi hajui kompyuta"

Diski ya nakala ina majina, simu, mishahara, pengine vipimo vya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nakala nayo imo ndani yake. Isimbe, yaani ifunge kwa ufunguo wa siri, kabla haijapanda basi. Ila ufunguo ukipotea, data imepotea sawasawa na kuungua, na nimekuta ofisi ambayo ufunguo uliwekwa kwenye seva ileile iliyokufa. Ule wa mama wa dagaa tumeuchapa kwenye karatasi, nakala mbili, kwenye bahasha zilizofungwa: moja iko sandukuni kwake, nyingine kwa mdogo wake Ujiji, si Kasulu iliko diski.