Kima cha chini kikipanda, mwenye biashara ndogo hufanya nini?

Kila kinapotangazwa kima kipya cha chini cha mshahara, mabishano huwa yaleyale. Huku wanasema watu watapoteza kazi, kule wanasema waajiri wanalia bure. Mimi ni mchumi wa masuala ya ajira, na naona pande zote mbili zinapita juu ya jambo lenyewe: mwenye biashara anafanya nini akishakaa na daftari lake la mishahara.

Chukulia biashara ambayo mishahara ni asilimia 30 ya gharama zake, na wafanyakazi wote wanalipwa kima cha chini. Kima kikipanda kwa asilimia 10, gharama zote zinapanda kwa asilimia 3 tu. Inaonekana kidogo. Lakini kama faida ilikuwa asilimia 5 ya mauzo, zaidi ya nusu yake imeondoka. Na bado msimamizi wa zamu, aliyekuwa akimzidi kidogo mfanyakazi mpya, ataidai tofauti yake irudi. Kwa hiyo malalamiko ya wafanyabiashara wadogo nayachukulia kwa uzito wote.

Hata hivyo, kupunguza watu si hatua ya kwanza. Wengi huanza na bei. Hungaria ilipandisha kima chake kutoka forinti 25,500 mwaka 2000 hadi 50,000 mwaka 2002. Péter Harasztosi na Attila Lindner walipochunguza nani hasa aliulipa mzigo huo, walikuta takribani robo tatu imebebwa na wateja kupitia bei, na robo na wenye kampuni. Kazi zilizopotea zilikuwa chache. Ila zilipotea zaidi kwenye kampuni zinazouza nje ya nchi, na sababu iko wazi: mshindani wako wa ng'ambo hajapandishiwa mshahara, utapandishaje bei wewe? Mwenye mgahawa ana nafuu hapo, maana jirani yake kapandishiwa siku ileile.

Utafiti uliotikisa fani yetu ni wa David Card na Alan Krueger. Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku Pennsylvania ya jirani ikibaki palepale. Walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili na hawakuona ajira ikishuka New Jersey. David Neumark na William Wascher waliwapinga kwa takwimu za malipo ya mishahara, na ubishi uliendelea miaka mingi. Card alipata Nobel mwaka 2021.

Ufafanuzi mmojawapo wa matokeo yale wenye biashara wanaujua bila kufundishwa: watu huacha kazi. Mshahara ukiwa duni, kila baada ya muda mfupi unatafuta mtu mwingine, unamfundisha upya, na wateja wanangoja. Mshahara ukipanda, watu wanakaa, na sehemu ya gharama inarudi.

Sehemu tu, nasisitiza. Biashara iliyokuwa ikijikongoja inaweza kufungwa kabisa, na Ujerumani, baada ya kima cha euro 8.50 kuanza mwaka 2015, baadhi ya wafanyakazi walihama kutoka kampuni ndogo kwenda kubwa zaidi zenye tija. Kwa mfanyakazi hiyo ni habari njema. Kwa aliyeweka mtaji wake wote pale, ni pigo, na sipendi tunapolificha nyuma ya wastani wa takwimu.

Ndiyo maana mimi nabishania zaidi kasi kuliko kiwango. Nyongeza inayojulikana mwaka mzima kabla humpa mwenye biashara nafasi ya kupanga bei, zamu na mikataba yake. Inayotangazwa leo na kuanza mwezi ujao inamwachia kitu kimoja cha kukata haraka, nacho ni saa za wafanyakazi. Mfanyakazi aliyekatwa saa hatahesabiwa kuwa amepoteza kazi, ilhali mwisho wa mwezi atapokea kiasi kilekile, au pungufu.

Kama wewe ni mwajiri na nyongeza inakuja, kabla hujagusa idadi ya watu orodhesha walioacha kazi mwaka uliopita, na andika mbele ya kila jina ilikugharimu nini kumpata mbadala wake.