Je, wajua? Mwanahabari mweusi wa kwanza kwenye televisheni ya Uingereza hakuwa Trevor McDonald

Waulize wanaofuatilia habari za Uingereza ni nani aliyekuwa mwanahabari mweusi wa kwanza kwenye televisheni ya huko, na wengi watakujibu bila kufikiri: Trevor McDonald. Si jina la kuokotwa. Mzaliwa huyu wa San Fernando, Trinidad, aliingia ITN, kampuni iliyoandaa habari za mtandao wa televisheni wa ITV, mwaka 1973 kama mwandishi wao wa kwanza mweusi, akamhoji Nelson Mandela mwaka 1990 muda mfupi baada ya kutoka gerezani, na tangu 1992 akawa ndiye sura ya News at Ten, taarifa yake ya habari ya usiku. Mwaka 1999 akapewa cheo cha Sir. Lakini wa kwanza hakuwa yeye.

Kalenda peke yake inalimaliza suala. McDonald alihamia London mwaka 1969, tena kwa kazi ya redio BBC. Mwaka mmoja kabla, 1968, alipokuwa bado kwao Trinidad, Mjamaika aitwaye Barbara Blake (leo Barbara Blake Hannah) alikuwa akiripoti mbele ya kamera katika Today, kipindi cha jioni cha kampuni ya televisheni ya Thames. Huyu alikuwa ameingia Uingereza mwaka 1964.

Kazi ilimwangukia wakati mbaya. Thames ilianza matangazo Julai 1968, miezi mitatu baada ya mbunge Enoch Powell kuhutubia Birmingham akipinga wahamiaji. Watazamaji wakapiga simu na kuandika barua wakitaka mwanamke yule aondolewe. Kwa simulizi yake mwenyewe, baada ya miezi kama tisa aliambiwa mkataba hautaongezwa kwa sababu ya malalamiko hayo. Akapata kazi ATV, kampuni nyingine ya televisheni, Birmingham kulekule, akakosa pa kulala kwa kuwa hoteli zilimkataa, ikabidi awe anasafiri kutoka London, umbali wa kilomita 180 hivi.

Ubaguzi, basi, unaeleza kwa nini aliondolewa. Kusahauliwa ni jambo jingine, na hapo mitambo nayo ina lake.

ITV ya wakati ule haikuwa kituo kimoja, ilikuwa muungano wa kampuni za mikoa. Thames ilihudumia London tu, tena siku za kazi. Wikendi palepale London kulikuwa na kampuni nyingine. Mtu wa Manchester alikuwa na Granada yake na vipindi vyake vya jioni, hana habari na Today. ITN, kinyume chake, iliandaa taarifa moja iliyopokewa na kampuni zote. McDonald akaonekana nchi nzima, Blake akaonekana mji mmoja.

Halafu kuna suala la mkanda. Mkanda wa video wa enzi hizo ulikuwa na upana wa inchi 2, na bei yake ilikuwa kali. Uliutumia kama mwalimu anavyotumia ubao: somo likiisha unafuta, kwa sababu ubao ni mmoja na kesho kuna somo jingine. Hakuna mwalimu anayenunua ubao mpya ili kutunza hesabu za Jumatatu. BBC na kampuni za ITV zilifuta hivyo hadi ndani ya miaka ya 1970, na vipindi vya kila siku, visivyotarajiwa kurudiwa, ndivyo vilivyokuwa rahisi zaidi kupotea.

Blake mwenyewe hakukaa kujitetea. Mwaka 1972 alirudi Jamaika, akawa Mrasta, na kati ya 1984 na 1987 alikuwa seneta. Mwaka 2020 jarida la Press Gazette lilianzisha tuzo yenye jina lake, na watu wakaanza kuuliza ni nani huyo.

Tahadhari moja: neno "wa kwanza" lina mitego yake. Kwenye redio, Una Marson, Mjamaika pia, alikuwa mwajiriwa wa BBC tangu miaka ya vita, 1941. Na kwenye televisheni kulikuwa na Cy Grant wa Guyana, mwanasheria aliyewahi kuwa mwongozaji wa njia wa ndege katika jeshi la anga la Uingereza, ambaye kuanzia 1957 aliimba matukio ya siku kwa mtindo wa kalipso, muziki wa Karibiani, katika kipindi cha Tonight cha BBC. Wengi humweka kwenye fungu la wasanii, na mimi pia. Ila habari alizoziimba zilikuwa za kweli na za siku hiyohiyo. Aliacha mwaka 1960, akihofia watu wasije wakamjua kwa kalipso tu.