Simu na mazoezi: maswali ya wanachuo wa Moshi

Swali: Nitajuaje kwamba simu imenizidi nguvu?

Usihesabu saa peke yake. Mwanachuo anayetuma kazi za darasa na kuuza vitenge kwa WhatsApp anaweza kushinda na simu bila kuwa na tatizo. Angalia kama unashindwa kuiweka chini ulipokusudia, kama chaji ikiisha unakosa raha, kama usingizi na masomo vinaharibika na bado unaendelea. Kipimo kinachotumika sana, chenye maswali 10, kilitungwa na watafiti wa Korea Kusini, kikachapishwa mwaka 2013, na huuliza mambo ya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa michezo ya kidijitali kati ya magonjwa. Matumizi ya simu kwa jumla hayamo. Kwa hiyo usijipachike ugonjwa kwa sababu ya TikTok.

Swali: Mazoezi yanahusiana nini na simu?

Wengi hawaishiki simu kwa kuwa kuna jambo la maana humo. Wamechoka kusoma, wako wapweke, au boom (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limechelewa na kodi ya geto inadaiwa. Mazoezi hupunguza wasiwasi na huleta usingizi mzuri, na ukicheza mpira na wenzako upweke nao hupungua. Majaribio kwa wanavyuo, mengi ya China na Korea Kusini, yameonyesha utegemezi wa simu ukishuka baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Ila mengi ni madogo, na wahusika hujaza dodoso wenyewe. Mimi nayaamini, lakini kwa kiasi.

Swali: Nifanye kiasi gani?

Dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili za kujenga misuli. Ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya, lakini kuimba kunakushinda. Anayekaa Longuo, mtaa wa mlimani karibu na hospitali ya KCMC, hana haja ya kulipia jimu: ashuke mjini kwa miguu, arudi kwa miguu. Kushuka hakumsumbui mtu. Ukianza kupanda kurudi KCMC ndipo utajua pumzi yako ikoje. Wakati wa masika, tope likizidi, kuna kuruka kamba, pushapu na skwati chumbani.

Swali: Saa ngapi inafaa?

Hapa ndipo ningependa mwanachuo atulie, maana simu huwashinda wengi usiku. Bando la usiku ni nafuu, mwenzako wa chumba ameshalala, unaingia kitandani saa nne ukisema video moja tu. Saa nane bado unaperuzi, na kipindi cha saa moja asubuhi unasinzia mstari wa nyuma. Kesho yake huna nguvu hata ya kutembea, unajilaza, na ukijilaza mkono unaitafuta simu.

Ndiyo maana napendekeza saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaingia, tena na mtu atakayekuja kukugongea mlango. Mwili ukichoka kweli, kulala hakuna mabishano. Halafu simu ichajiwe upande wa pili wa chumba, na alamu iwe ya saa ya mezani. Anayekimbia jioni kisha akalala na simu chini ya mto amejisaidia nusu tu.

Swali: Nikimbie nayo?

Kwa muziki, sawa, lakini sikio moja liwe wazi. Bodaboda haikusubiri umalize wimbo. Ukijikuta unasimama kila kona kupiga picha ya status, iache geto.

Swali: Nimejaribu yote, hali ni ileile.

Kama huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili au zaidi, huenda simu si chanzo. Muone mshauri wa wanafunzi chuoni au nenda hospitali. Ukifikia hatua ya kuwaza kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu akupeleke leo.