Kutoa injini na giaboksi ya Datsun 240Z: kazi huanza na kutu

Injini ya Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ni L24 ya silinda 6 na ujazo wa sisi (cc) 2393. Mimi nashauri itolewe juu pamoja na giaboksi yake, kwa mkupuo mmoja. Wapo mafundi wanaoacha giaboksi garini na kuvuta injini peke yake. Siwaungi mkono. Bolti za juu za giaboksi zimekaa karibu mno na ukuta wa dashibodi, mkono hauingii vizuri, na injini ikiyumba kidogo tu uzito wake unalalia shafti inayopita katikati ya sahani ya klachi. Sahani hupinda, nawe hutajua mpaka siku gari litakapotetemeka ukiachia klachi.

Kwa gari lililokaa Mombasa, anza siku tatu kabla. Hewa ya chumvi hula meno ya bolti, na za ekzosi ndizo mbaya zaidi kwa sababu hupata moto na kupoa kila safari. Changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Havishikani, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotia, na usiweke moto karibu. Tia asubuhi na jioni kwenye nati za bomba la ekzosi, bolti 4 za propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) kwenye difu, na bolti za mauntingi (vikalio vya injini). Siku ya kufungua, nati ikisogea robo mzunguko kisha ikakaza, irudishe ndani, tia dawa tena, itoe kidogo, irudishe. Sikiliza mkono wako: nati inayokubali hulegea na kubaki imelegea. Ile inayotaka kukatika huwa kama mpira, spana inakwenda kisha inarudi. Hapo simama, iache ilale na dawa hadi kesho.

Kufungua kwenyewe ni kwepesi. Toa waya hasi wa betri. Boneti ina bawaba mbele. Zichoree alama kwa penseli kabla ya kulegeza, na muwe wawili kuinyanyua. Mwaga maji, toa rejeta, la sivyo injini ikipanda feni itaichana. Ziba mpira wa petroli. Kabureta zote mbili zitoe pia, maana mnyororo hupenda kuzilalia.

Mwaga na oili ya giaboksi. Injini hutoka mkia ukiwa chini, na propela ikishachomolewa tundu la nyuma li wazi. Hata ukishamwaga, funga tundu hilo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya. Kabla ya kufungua propela, paka rangi mstari mmoja ukivuka flenji zote mbili (sahani zinazoshikana kwa bolti), irudi vile vile ilivyokuwa. Silinda ndogo ya klachi usiikate bomba: fungua bolti zake mbili, ifunge pembeni, na mtu asikanyage pedeli, pistoni itaruka nje. Mkono wa gia hutolewa kutoka ndani ya gari kwa kuchomoa pini yake.

Vinavyosahaulika ni vitatu: waya wa athi kati ya injini na bodi, kebo ya spidi, na nyaya za taa ya rivasi.

Sasa kunyanyua. Usitundike kwenye boriti za banda la makuti wala tawi la mwembe. Mzigo unapita kilo 200, na ukikwama kisha ukaachia ghafla, mshtuko wake ni mkubwa kuliko uzito. Tumia chenibloki (kapi la mnyororo) ya tani 1 kwenye fremu ya chuma. Gari likae juu ya stendi 4 ili mkia upate pa kushukia. Shika vishikio viwili vya injini, mnyororo wa nyuma uwe mrefu. Weka jeki chini ya giaboksi, fungua mauntingi, kisha krosimemba ya giaboksi (mhimili unaoibeba) mwisho. Panda sentimita 5, simama, zunguka utazame sampu (bakuli la oili chini ya injini), rakii ya stering na ukuta wa nyuma. Bodi ikianza kunyanyuka pamoja na injini, kuna kitu bado kimeshika. Kitafute, usivute.

Ikishuka chini, tenganisha. Bolti za giaboksi hazilingani urefu. Zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio wake. Flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) iliyo wazi pwani hushika kutu mapema, ipake oili nyepesi, na siku ya kurudisha klachi uisafishe kwa thina hadi kitambaa kitoke cheupe. Tia kijiko cha oili kila silinda na uzungushe kranki kwa mkono. Halafu kagua bushi ya shaba nyeusi iliyo ncha ya kranki: ikiwa imepanuka, badilisha pamoja na sili ya nyuma, kwa kuwa hutaifikia tena mpaka injini itoke.